Molière na Miongozo Yetu

Wako wanafunzi wa Kifaransa wamjuao Molière kwa mwongozo tu: maudhui, wahusika, mbinu za lugha. Mambo hayo yana manufaa, lakini maisha ya mtunzi huyu yatuonyesha kwamba hayatoshi.

Alizaliwa jijini Paris mwaka 1622, jina lake halisi likiwa Jean-Baptiste Poquelin. Baba yake alikuwa fundi wa samani na mapambo ya mfalme, na mwana alitarajiwa kuurithi wadhifa huo. Badala yake, mwaka 1643 aliunda kundi la maigizo pamoja na Madeleine Béjart. Kundi lilielemewa na madeni, naye akatiwa jela mwaka 1645. Kisha wakazunguka mikoani kwa takriban miaka 13. Huko ndiko alikojifunza, mbele ya hadhira, lipi lichekeshalo na lipi lisilochekesha. Mwaka 1658 wakaigiza mbele ya Mfalme Louis wa 14, wakapewa ukumbi Paris.

Mwaka 1664 alionyesha Tartuffe, kisa cha laghai ajitiaye ucha Mungu ili amfilisi mwenyeji wake. Mchezo huo ulipigwa marufuku, na haukuruhusiwa kwa uhuru hadi mwaka 1669. Mwongozo utasema kwamba dhamira ni unafiki; lakini asiyejua marufuku hiyo hataelewa vyema kwa nini amri ya mfalme ndiyo inayookoa jahazi mwishoni.

Alipoichapisha L'Amour médecin mwaka 1666, Molière aliwatahadharisha wasomaji kuwa futuhi hutungwa ili ziigizwe, na kwamba kuzisoma kwamfaa yule tu awezaye kuliona igizo lote akilini.

Tarehe 17 Februari 1673 aliigiza mtu aliyejidhania mgonjwa katika Le Malade imaginaire, ilhali yeye mwenyewe aliugua kwelikweli. Alizidiwa jukwaani, akaumaliza mchezo, akafariki usiku huo. Kwa kuwa Kanisa la huko liliwanyima waigizaji maziko ya Kikristo, ilibidi mfalme aingilie kati, naye akazikwa usiku.

Rai yangu kwa walimu wenzangu ni hii: wagawieni wanafunzi nafasi, waigize onyesho moja darasani kabla ya mwongozo kufunguliwa. Wasiojua Kifaransa wanayo Mchuuzi Muungwana, tafsiri ya Le Bourgeois gentilhomme. Mwongozo humweleza aliyekwisha kucheka sababu ya kicheko chake. Hauwezi kumchekea asiyecheka.