Jesse Jones: Bwanyenye aliyeokoa benki na kudai malipo

BENKI inapoporomoka, swali huwa moja: nani atabeba hasara? Ni mwenyehisa aliyefaidi wakati wa neema, mteja aliyeweka akiba yake au mlipa ushuru ambaye hakuwahi kukanyaga benki hiyo?

Nchini Marekani katika miaka ya 1930, swali hilo lilimwangukia mtu ambaye masomo yake yaliishia darasa la nane.

Jesse Holman Jones alizaliwa Aprili 5, 1874, jimboni Tennessee, mwana wa mkulima wa tumbaku. Alifiwa na mamake akiwa na umri wa miaka sita. Baadaye alihamia Texas kufanya kazi katika biashara ya mbao ya ami yake, na mnamo 1898 akafika Houston. Huko alijitajirisha kwa kujenga hoteli na majumba marefu, akamiliki gazeti na kuingia katika biashara ya benki.

Oktoba 1931, benki mbili za Houston zilikuwa karibu kufilisika. Jones aliwaita wenye benki wenzake ofisini mwake na kuwashinikiza wachange fedha za kuziokoa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: moto ukiteketeza nyumba ya jirani, yako haitasalimika. Walichanga, na benki hizo zikanusurika.

Mwaka uliofuata, Rais Herbert Hoover aliunda shirika la serikali la kukopesha benki na kampuni, RFC, na Jones akateuliwa mwanachama wa bodi yake.

Mwanzoni dawa haikuponya. Benki iliyokopa iliongeza deni juu ya deni, na kuweka rehani mali yake bora zaidi. Ikianguka, waweka akiba waliachiwa makombo.

Umma nao ulinung'unika. Katikati ya 1932, benki moja ya Chicago iliahidiwa dola milioni 90, majuma machache tu baada ya kiongozi wake, Charles Dawes, kujiuzulu urais wa RFC. Jones aliunga mkono mkopo huo. Benki hiyo haikudumu, na serikali ililazimika kuwashtaki wenyehisa ili kurejesha fedha zake.

Machi 1933, Rais Franklin Roosevelt alifunga benki zote nchini kwa muda. Sheria mpya iliruhusu RFC kununua hisa za upendeleo, na Jones akawa mwenyekiti wa shirika hilo mwaka huo huo.

Hapo mambo yalibadilika. Serikali haikuwa tena mdai tu bali mshirika. Ililipwa gawio kabla ya wenyehisa wa kawaida, ilipata kura na iliweza kupunguza mishahara minono ya wakuu wa benki. Jumla ya benki zipatazo 6,000 zilipokea zaidi ya dola bilioni moja. Katika benki ya Continental Illinois ya Chicago, iliyopewa dola milioni 50, Jones alisimamia kuwekwa kwa mwenyekiti mpya.

Hata hivyo, hakutaka serikali igeuke mwenye benki. Kadiri biashara ilivyofufuka, benki zilizinunua tena hisa hizo na kurudi mikononi mwa watu binafsi. Sehemu kubwa ya fedha za umma ilirejea.

Mgala muue na haki umpe. Lakini wokovu huo uliwafikia wengi ukiwa umechelewa. Takriban benki 9,000 zilianguka kati ya 1930 na 1933, nyingi zikiwa ndogo za mashambani, na wateja wake wakapoteza akiba bila fidia kamili. Bima ya amana ilianza Januari 1, 1934, ikimkinga kila mteja hadi dola 2,500.

Jones aliteuliwa Waziri wa Biashara mnamo 1940. Wapinzani waliona mamlaka makubwa mno yamekusanyika mikononi mwa mtu mmoja. Roosevelt alimwondoa 1945 na kumpa Henry Wallace wadhifa huo. Jones alifariki Juni 1, 1956, jijini Houston, akiwa na umri wa miaka 82.

Aliacha funzo ambalo serikali nyingi hulisahau kila benki kubwa inapobisha hodi kuomba msaada. Mlipa ushuru akiitwa kubeba hasara, ni haki yake pia kuketi mezani wakati wa kugawana faida.