George Eastman

George Eastman (12 Julai 1854 – 14 Machi 1932) alikuwa mvumbuzi na mfanyabiashara kutoka nchini Marekani aliyeanzisha kampuni ya Kodak. Ndiye hasa aliyeitoa kazi ya kupiga picha mikononi mwa mafundi wachache, ikawa burudani ya watu wa kawaida.

Maisha ya awali

Alizaliwa Waterville, katika jimbo la New York. Baba yake alifariki mwaka 1862, na mama yake, Maria, akapangisha vyumba ili kulea watoto. George aliacha shule akiwa bado mdogo, akawa tarishi katika ofisi ya bima, kisha karani wa benki mjini Rochester.

Mwaka 1877 alinunua vifaa vya kupigia picha kwa ajili ya safari ya Santo Domingo. Safari haikufanyika, lakini vifaa vilimteka. Wakati huo mpiga picha alibeba kamera kubwa, hema la giza, chupa za kemikali na vioo. Kila kioo kilipakwa dawa papo hapo na kusafishwa kabla hakijakauka. Eastman alisoma katika jarida la Uingereza kuhusu vioo vikavu vya jelatini, akavijaribu usiku jikoni kwa mama yake baada ya kutoka kazini. Mwaka 1881 aliungana na Henry Strong kuunda kampuni, akaacha benki. Punde vioo walivyouza vikaanza kuharibika madukani. Eastman aliwarudishia wateja vioo vingine bila malipo, ingawa hasara hiyo nusura iifilisi kampuni changa.

Kodak

Kamera ya Kodak ilitoka mwaka 1888 kwa dola 25, bei ambayo bado ilikuwa kubwa. Ilikuja na filamu ya picha 100 ndani yake. Zikiisha, mwenyewe aliituma kamera nzima Rochester pamoja na dola 10. Kiwanda kilisafisha picha, kikaweka filamu mpya na kuirudisha. Jina Kodak halina maana yoyote: Eastman alilibuni kwa sababu aliipenda herufi K. Kamera ya Brownie ya mwaka 1900 iliuzwa dola 1 tu, na hiyo ndiyo iliyofika hata kwa watoto.

Sifa hizo zina doa. Mchungaji Hannibal Goodwin aliomba hataza ya filamu ya seluloidi mwaka 1887, kabla ya kampuni ya Eastman, lakini aliipata mwaka 1898 na kufariki miaka miwili baadaye. Kodak ilishindwa mahakamani na mwaka 1914 ikalipa dola milioni 5 kwa waliokuwa wanaimiliki hataza hiyo.

Uzee na kifo

Eastman hakuoa. Alitoa sehemu kubwa ya mali yake kwa vyuo, muziki na kliniki za meno. Chuo cha MIT kilipokea mamilioni yake kwa jina la kubuni, Bwana Smith. Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 71, alisafiri Kenya kuwinda na kupiga picha za wanyama pamoja na Martin na Osa Johnson.

Miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na maumivu makali ya uti wa mgongo, akashindwa kutembea vizuri. Alijiua nyumbani kwake Rochester. Nyumba hiyo ilifunguliwa kama makumbusho ya upigaji picha mwaka 1949.