Askofu Alexander Muge na safari yake ya mwisho Busia

Jumanne ya tarehe 14 Agosti 1990, Askofu Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Eldoret aliondoka asubuhi kwenda Busia, mji wa mpakani aliokuwa ameonywa asiukanyage. Aliyemwonya hakuwa mtu wa mitaani. Peter Okondo, Waziri wa Kazi na mbunge kutoka wilaya hiyohiyo ya Busia, alikuwa ametangaza hadharani kwamba Muge na Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini wakithubutu kufika huko huenda wasitoke wakiwa hai.

Muge, Mnandi aliyewahi kutumikia kikosi cha GSU kabla ya kuvaa joho, aliwekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1983. Kwenye mimbari alikemea upigaji kura wa mlolongo, ufisadi na unyakuzi wa ardhi, na alipotaja njaa ya Pokot Magharibi wanasiasa wa huko walimjia juu. Zilikuwa enzi za ajabu kidogo: kila Jumapili taarifa ya habari ilieleza Rais Daniel arap Moi alisali wapi, ilhali mahubiri ya askofu yangeweza kuhesabiwa uchochezi. Mwaka huo hofu ilizidi. Mwezi Februari Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa, na nchi nzima ikawa inauliza ni nani aliyehusika.

Watu wa mpakani hawakuhitaji kuelezwa uzito wa vitisho vya aina hiyo. Mwaka 1977, ng'ambo ya pili, askari wa Idi Amin walipekua nyumba ya Askofu Yona Okoth mjini Tororo wakidai kusaka silaha. Siku chache baadaye Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa mjini Kampala.

Muge alifika Busia, akakutana na waumini, akasali nao. Hakuna aliyemgusa. Akiwa njiani kurudi Eldoret, huko Kipkaren, gari lake liligongana na lori naye akafa.

Dereva wa lori alihukumiwa kifungo, na serikali ikashikilia kwamba ilikuwa ajali ya barabarani. Wengi hawakukubali. Okondo, ambaye maneno yake yalikuwa yangali masikioni mwa kila mtu, alijiuzulu uwaziri siku chache baadaye.