Burkitt na taya za watoto

Kila ninapotoka Kansanga kwenda Mulago humkumbuka Denis Burkitt, mpasuaji Mwirishi mwenye jicho moja, aliyefika Uganda 1946. Mwaka 1957 alionyeshwa Mulago mtoto aliyevimba taya pande zote nne. Baada ya wiki chache akamwona mwingine Jinja. Hapo hakulala.

Mwaka 1961 alizunguka Afrika kwa gari kuukuu, maili 10,000, akiuliza hospitali hadi hospitali. Uvimbe ulikuwa penye joto na mvua, si milimani. Akadhani mbu hueneza virusi vya saratani, wazo la ajabu siku zile.

Rafiki yangu wa darasani hushikilia kwamba shaka huua ubunifu. Mimi namwonyesha Epstein wa London: hakumcheka Burkitt wala hakumwamini bure, alichunguza vipande vilivyotumwa kutoka Kampala, na 1964 virusi vikaonekana. Baadaye wenye shaka wakavikuta hata kwa Wazungu wazima, tena huenea kwa mate. Mbu naye hakuachwa huru: malaria ndiyo inayovisaidia. (Ibn al-Haytham, aliyeandika kitabu kizima cha shaka juu ya Ptolemy, angefurahi.)

Burkitt alifariki 1993. Rafiki yangu bado hajanijibu.