Sayyidna Zubeir bin Awwam (R.A.): Mfanya Biashara Aliyekataa Amana

Akitajwa Sayyidna Zubeir bin Awwam, Mwenyezi Mungu amuwiye radhi, watu hukumbuka upanga wake na farasi wake. Hukumbuka kwamba alikuwa mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, na kwamba Mtume (S.A.W.) alimwita Hawari wake, yaani msaidizi wake wa khasa. Hayo vitabu vimeyaeleza, na masheikh wetu huyasoma mara kwa mara. Iko lakini khabari nyingine ya maisha yake ambayo hatuisikii sana misikitini, nayo ni khabari ya mali yake na deni lake. Imamu Bukhari ameipokea kwa urefu katika Sahihi yake, kutoka kwa Abdallah mwana wa Zubeir mwenyewe. Tulipoisoma darasani kwetu tuliona kuwa inawahusu watu wa miji yetu, wenye maduka na wenye mashamba, kuliko walivyodhani, ndipo tukaazimia kuiandika.

Sayyidna Zubeir ni Mkureshi wa ukoo wa Asad. Baba yake, Awwam, alikuwa ndugu wa Bibi Khadija binti Khuweilid, na mama yake, Bibi Safia binti Abdul Muttalib, alikuwa shangazi la Mtume. Alisilimu angali kijana mdogo, katika watu wa mwanzo kabisa, akavumilia mateso, akahama kwenda Uhabeshi kisha akarejea. Biashara aliikuta katika jamaa zake tangu utotoni, kwani shangazi lake Bibi Khadija alikuwa akipeleka bidhaa zake Sham kwa misafara. Naye mwenyewe mwaka ule wa Hijra, yaani 622, alikuwa akirudi kutoka Sham pamoja na msafara wa wafanya biashara wa Kiislamu, akakutana njiani na Mtume na Sayyidna Abubakar wakielekea Madina, akawavika nguo nyeupe.

Asidhani mtu kwamba utajiri ulimjia wakati ule. Alipomwoa Bibi Asmaa binti Abubakar hakuwa na kitu duniani ila farasi wake na ngamia mmoja wa kuteka maji. Bibi Asmaa ameeleza mwenyewe jinsi walivyoishi. Yeye ndiye aliyemlisha farasi, aliyeteka maji, aliyeshona ndoo ya ngozi ilipopasuka, na aliyekanda unga, ingawa mikate hakuijua vyema kuioka na wanawake wa Kiansari majirani zake wakimwokea. Mtume alimpa Zubeir kipande cha ardhi, nacho kilikuwa mbali na nyumba yao kwa thuluthi mbili za farsakhi, kama maili mbili hivi. Bibi Asmaa, binti wa Abubakar, alikuwa akitoka huko kwa miguu na mzigo wa kokwa za tende kichwani. Hali ilikuwa hivyo mpaka baba yake alipompelekea mtumishi wa kumtunza farasi, akaona kana kwamba ameachwa huru.

Twaitaja hali hii kwa kuwa wako wanaosema kwamba kuthubutu katika biashara ni jambo la wenye kurithi. Zubeir alianza na ardhi kidogo, akaifanyia kazi. Baadaye alipata fungu lake katika vita vya jihadi alivyopigana pamoja na Mtume, kisha katika zama za Abubakar, Umar na Uthman. Alikuwamo katika ufunguzi wa Misri, na ngome ya Babiloni iliyotekwa mwaka 641 ilipandwa naye kwa ngazi. Kazi ya serikali hakuishika kamwe. Hakuwa gavana, wala mkusanyaji wa kodi. Abdallah amelisema hili waziwazi, nasi twaona alilisema kwa makusudi, ili mtu asitie shaka asili ya mali ile. Fedha aliyoipata aliigeuza ardhi na majumba. Alikuwa na nyumba 11 Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri. Alinunua pia shamba kubwa liitwalo Ghaba, upande wa kaskazini ya Madina, kwa 170,000.

Sasa twafikia jambo lenyewe. Watu walimwamini mno Zubeir. Imepokewa kuwa Masahaba kadhaa walimuusia watoto wao na mali zao baada ya kufa kwao, akawa akiwatumilia mayatima kutoka mfukoni mwake ili mali yao isipungue. Basi mtu alikuwa akimjia na fedha yake ili amwekee amana. Zubeir hukataa kuipokea kwa jina hilo. Humwambia mwenye fedha kwamba hiyo haitakuwa amana bali itakuwa karadha, deni juu yake, kwa kuwa anaichelea isipotee.

Kwa mtu asiyesoma fiqhi yaonekana kuwa ni maneno tu yamebadilishwa. Sivyo. Amana ikipotea bila ya uzembe wala khiyana ya aliyeiweka, halipi. Ikiibiwa usiku au nyumba ikiungua, khasara ni ya mwenye mali. Tena mwenye kuwekewa amana hana ruhusa ya kuigusa wala kufanyia biashara. Ama karadha, aliyeipokea ameimiliki. Aweza kununulia ardhi, aweza kuitia katika tijara, na faida ni yake kwa halali. Lakini ikipotea kwa sababu yoyote, iwe moto, iwe mwizi, iwe bei kuanguka, deni li shingoni mwake kamili. Na mwenye kukopesha hana ziada ya kudai, kwani hiyo ni riba. (Hata leo wanazuoni wengi husema kuwa fedha tunayoiweka benki katika hesabu ya kawaida hukumu yake ni karadha, ingawa sisi twaiita amana.)

Basi Zubeir kwa neno moja alifanya mambo mawili. Alipata rasilmali ya kufanyia kazi, na hatari yote akaitoa juu ya mjane au msafiri aliyemjia akaiweka juu yake mwenyewe. Na alilisema neno hilo mlangoni, kabla fedha haijabadilisha mkono, mwenye mali akisikia na kuridhika. Kuthubutu kwa namna hii hakufanani na kamari. Mcheza kamari hajui atalipa kwa nini akishindwa. Zubeir alijua, deni lake likiongezeka, na ardhi yake nayo iliongezeka, na bei ya ardhi ya Madina ilikuwa ikipanda mwaka hata mwaka, kwa sababu watu na mali walikuwa wakimiminika mji ule.

Hatusemi kwamba hapakuwa na hatari. Ilikuwapo, na kubwa. Alipokufa hakuacha dinari wala dirhamu. Mali yote ilikuwa ardhi na nyumba. Deni laweza kudaiwa leo, na shamba haliuziki leo ila kwa bei ya kutupa. Mwenye mashamba ya minazi yupo mjini kwetu, anajua tusemavyo. Kama wadai wote wangalikuja kwa siku moja, tajiri yule angalifedheheka ilhali ni tajiri. Yaonekana kwamba kinga yake ilikuwa katika vitu viwili: watu hawakuwa na haraka ya kuchukua fedha zao kwake kwa vile walivyomwamini, na mwanawe mkubwa alizijua hesabu zake.

Hapa twataka kusimama kidogo. Katika miji yetu ya pwani wako watu wema ambao huwekewa fedha na jirani zao: fedha ya mayatima, fedha ya mtu anayejiwekea kwenda Hija, fedha ya mwanamke asiyetaka mumewe aijue. Mwenye duka huipokea kwa jina la amana. Kisha msimu wa biashara ukija huitia dukani, akinuia kuirudisha kabla mwenyewe hajaitaka. Ikileta faida, faida ni yake. Duka likianguka, husema kuwa ni kadari, na amana hailipwi. Mtu huyu amechukua ruhusa ya karadha na kinga ya amana kwa pamoja, na sharia haikumpa vyote viwili. Tangu siku alipoigusa bila idhini amekuwa mdhamini wake, apende asipende. Wengine hufanya hivi kwa kutojua, na ndiyo sababu tukaandika.

Mwaka 36 wa Hijra, sawa na 656, ikatokea fitina baina ya Waislamu, na Zubeir akawamo katika Vita vya Ngamia karibu na Basra. Hatuingii katika mzozo ule. Wote ni wakubwa wetu na hesabu yao iko kwa Mola wao. Tunalolitaka ni kwamba asubuhi ya siku ile alimwita mwanawe Abdallah, akamwambia kuwa anajiona atauawa kwa dhulma, na kwamba hamu yake kubwa kuliko zote ni deni lake. Hakumuusia kulipiza kisasi. Alimuusia auze mali, alipe deni. Kikibaki kitu, thuluthi yake iwe wasia, na thuluthi ya hiyo thuluthi wapewe wana wa Abdallah, kwani wajukuu hawarithi wakiwapo wana. Akamwambia tena kuwa akishindwa na jambo katika deni hilo, amtake msaada bwana wake Zubeir. Abdallah hakufahamu, akamwuliza bwana huyo ni nani, naye akamjibu kuwa ni Mwenyezi Mungu. Zubeir akajitenga na vita, akafuatwa na Ibn Jurmuz, akauawa katika bonde la Siba.

Abdallah akakaa na hesabu. Akakuta deni ni 2,200,000. Hakim bin Hizam, mzee wa Kikureshi na jamaa yao, akamkuta akamwuliza ndugu yake ameacha deni gani. Abdallah akataja 100,000 tu. Wafafanuzi wamesema alificha yaliyobaki ili mzee asije akadhani kuwa Zubeir hakuwa na hadhari na kwamba mwanawe hataweza kulipa. Hata hiyo 100,000 Hakim akaona mali haitaitosha. Abdallah akamwuliza aonaje ikiwa ni 2,200,000, na Hakim akasema haoni kuwa wataiweza, na wakishindwa wamtake msaada.

Mtu mwingine angaliuza Ghaba yote kwa mnunuzi wa kwanza. Abdallah aliigawa mafungu 16, kila fungu 100,000, kisha akatangaza kwamba kila mwenye haki kwa Zubeir amfuate huko Ghaba. Akaja Abdallah bin Jaafar, aliyekuwa akidai 400,000, akasema wakitaka atawasamehe. Abdallah akakataa. Akasema basi wamcheleweshe mpaka mwisho. Akakataa vile vile, akamkatia ardhi kwa haki yake kutoka mpaka huu hata mpaka huu. Wengi wetu tungalishukuru na kuupokea msamaha huo. Lakini baba aliyesema kuwa ni deni hakuusia kwamba lisamehewe, aliusia kwamba lilipwe.

Yakabaki mafungu manne na nusu. Mundhir bin Zubeir akanunua moja, Amr bin Uthman moja, Ibn Zam'a moja, na moja na nusu akalinunua Muawiya kwa 150,000. Ibn Jaafar baadaye akamwuzia Muawiya sehemu yake kwa 600,000. Shamba lililonunuliwa kwa 170,000 likatoka kwa 1,600,000, zaidi ya mara tisa. Na Abdallah amesema kuwa kila lilipomzidia jambo katika deni lile alimwomba bwana wa Zubeir amlipie, likalipwa.

Deni lilipokwisha, ndugu zake wakataka urithi wao. Nayo ilikuwa haki yao. Abdallah akaapa kwamba hatagawa mpaka atangaze katika Hija misimu minne, kwamba mwenye kumdai Zubeir na aje alipwe. Kwa nini Hija? Kwa sababu waliomwekea fedha walitoka kila upande, na hapana mahali pengine ambapo watu wa Basra, Kufa, Misri na Sham hukutana kwa mwaka. Warithi wakangoja, miaka minne.

Kwetu, ndugu zetu, siku ya tatu ya maiti pilau imekwisha pikwa kwa mali yake, na siku ya arubaini nyumba imekwisha pata dalali. Kurani katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12, imekariri kwamba fungu la mrithi ni baada ya wasia na deni, nasi twaisoma katika hitima hiyo hiyo iliyopikiwa fedha ya wadai. Wakiwamo mayatima katika warithi, basi ni mali ya yatima iliyoliwa. Mwenye kudai akija mwaka wa pili huambiwa alikuwa wapi siku zote. Twajua kuwa maneno haya yatawaudhi baadhi ya wasomaji wetu, na tumeyasema kabla ya leo.

Misimu minne ilipopita Abdallah akatoa thuluthi, akagawa. Zubeir alikuwa na wake wanne, na thumni ikagawanywa baina yao, kila mmoja akapata 1,200,000. Bibi Asmaa hakuwamo, kwa kuwa walikuwa wamekwisha achana zamani. Riwaya inasema kuwa mali yote ilikuwa 50,200,000, na hapa wanazuoni wamesumbuka, kwani mwenye kupiga hesabu kwa fungu hilo la wake, akatia thuluthi na deni, hufikia 59,800,000. Wako waliosema kuwa kila mke alipata 1,000,000 tu, na kwa hiyo hesabu hutimia sawasawa. Wengine wakasema 50,200,000 ni thamani ya siku aliyokufa, na ziada ni mazao na kupanda kwa bei katika ile miaka minne warithi waliyongoja. Wallahu aalam.