Binti Sultani aliyeiacha hina Zanzibar

Na Mwandishi Wetu, Muleba

KILA mwaka unapoelekea ukingoni, mji mdogo wa Nshamba, wilayani Muleba, hubadilika sura. Wenyeji wanaoishi Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi hurejea nyumbani kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya. Harusi hufuatana, na akina dada huanza kuulizana ni rangi gani ya kucha imeingia.

Katika maduka ya vipodozi na saluni, chupa ndogo hupangwa mezani. Msichana hupaka rangi moja kwenye kidole gumba, nyingine kwenye kidole cha shahada, kisha huunyoosha mkono mbele ya dirisha aone ipi inampendeza. Wazee wapitao nje hutikisa vichwa, wakiamini kwamba mambo hayo ni ya kuiga Ulaya na yameanza juzi tu.

Historia inasimulia vingine. Zaidi ya miaka 150 iliyopita, katika pwani ya nchi hii, wanawake walikuwa na msimu wao wa kutia rangi kucha, na walikuwa tayari kuvumilia mateso makubwa ili rangi hiyo ikolee. Tunalifahamu hilo kwa undani kwa sababu mmoja wao aliliandika kitabuni. Huyo ni Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyekufa mwaka 1924 katika mji wa Jena, Ujerumani, akiwa na jina la Emily Ruete.

Zanzibar ya utotoni mwake haikuwa mbali na Kagera kama ramani inavyoonyesha. Katika miaka hiyo misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ilipita Tabora na kufika Kafuro, katika ufalme wa Karagwe, ikileta vitambaa na shanga na kutafuta pembe za ndovu. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alimkuta huko Mfalme Rumanyika, akastaajabu kuona kwamba uzuri wa wanawake wa ikulu ulipimwa kwa unene uliotokana na kunyweshwa maziwa. Kila nchi ilikuwa na kipimo chake cha urembo, na kila kipimo kilikuwa na gharama yake.

MTOTO WA MTONI

Salme alizaliwa Agosti 30, 1844, katika kasri la Mtoni, kandokando ya bahari, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, aliyeieneza kilimo cha karafuu visiwani. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka katika kabila la Wacherkesi, huko milima ya Kaukasi, ambako alitekwa angali mtoto mdogo.

Mtoni hapakuwa nyumba ya familia moja. Kwa makadirio ya Salme mwenyewe, watu wapatao elfu moja waliishi humo: masuria, watoto wa Sultani, watumishi na watumwa. Uani walitembea tausi na paa, na lugha kadhaa zilisikika kwa wakati mmoja.

Katika mazingira hayo, kujipamba kulikuwa kazi ya kila siku. Nguo zilifukizwa udi. Maua ya asumini yalitandazwa, na miski, ambari na marashi ya waridi vilitumika kwa wingi. Mabibi wa kasri walilala wakiwa wamevaa nguo nzuri na vito vyao, huku wamejipaka manukato kama wanaokwenda karamuni.

RANGI YA SIKUKUU

Kilele cha yote kilikuwa Idi, mwisho wa mwezi wa Ramadhani. Mafundi cherehani na masonara hawakulala. Kila bibi wa kasri alitaka mavazi mapya, si ya siku moja tu, bali ya siku zote tatu za sikukuu.

Hapo ndipo hina ilipoingia. Salme anaeleza kwamba majani yake yalisagwa, yakakandwa kwa maji na ndimu mpaka yakawa donge zito. Bibi alilazwa chali kitandani. Hina ilipakwa kwenye nyayo, pembeni mwa miguu na vidoleni, kisha kwenye viganja na ncha za vidole pamoja na kucha. Sehemu ya juu ya mguu na mgongo wa mkono haikuguswa. Baada ya hapo miguu na mikono ilifunikwa kwa majani laini na kufungwa kwa kitambaa.

Kuanzia hapo bibi huyo hakuruhusiwa kujitikisa hadi asubuhi. Akijigeuza, rangi ingeparaganyika. Inzi na mbu walimshambulia, naye hakuwa na mkono wa kuwafukuzia. Kazi ilirudiwa siku tatu mfululizo, kila usiku, mpaka wekundu ulipokolea. Malipo yake yalikuwa rangi iliyodumu takriban wiki nne bila kutoka kwa maji wala sabuni.

Ni dhahiri kwamba hina ya namna hiyo haikuwezekana kwa mtu aliye peke yake. Ilihitaji mtu wa kuikanda, wa kuipaka na wa kufunga vitambaa. Aidha, ilihitaji mtu wa kukesha akipunga kipepeo ili mbu wasitue. Katika kasri la Sultani, waliokesha walikuwa wanawake watumwa. Rangi ya sikukuu ilionekana kwenye vidole vya bibi, lakini usingizi uliopotea ulikuwa wa mwingine, ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Salme hakuliona hilo kuwa tatizo. Katika kitabu chake aliutetea utumwa wa nchi za Mashariki, akiulinganisha na maisha ya wafanyakazi maskini wa Ulaya. Msomaji wa leo anapaswa kulijua hilo anapoyasoma masimulizi yake matamu ya asumini na udi.

KALAMU NA FITINA

Jambo moja lilimtofautisha na dada zake. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kulihesabiwa kuwa jambo lisilowafaa. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa bapa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao.

Ujuzi huo ulimponza mapema. Baba yake alifariki baharini Oktoba 1856, na Sayyid Majid akatawala Zanzibar. Mwaka 1859 ndugu mwingine, Barghash, alipanga njama za kumpindua. Salme, aliyekuwa ndiyo kwanza anatimiza umri wa miaka 15 na ambaye mama yake alifariki mwaka huohuo, akavutwa upande wa waasi. Kwa kuwa alijua kuandika, akawa katibu wao.

Njama zilishindwa. Waingereza walimsaidia Majid, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme hakuadhibiwa vikali, lakini alijikuta hana rafiki upande wowote. Baadaye alipatana na Majid, hatua ambayo Barghash hakuisahau.

USIKU WA MWAKA

Aliporejea kuishi mjini, nyumba yake ilipakana na ya mfanyabiashara kijana Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mapaa ya Mji Mkongwe yako karibukaribu, na ujirani ukageuka mapenzi. Mwaka 1866 Salme alikuwa mjamzito. Kwa binti wa Sultani, Mwislamu, aliyebeba mimba ya Mkristo nje ya ndoa, hatari haikuwa ya aibu tu. Maisha yake yenyewe yalikuwa mashakani.

Alitoroka Agosti 1866, wakati wa sherehe za Mwaka, ambapo wanawake wa Kiswahili huteremka pwani kuoga usiku. Katikati ya umati huo aliingia kwenye mashua iliyompeleka hadi manowari ya Kiingereza, Highflyer, nayo ikang'oa nanga kuelekea Aden.

Huko alimsubiri Ruete kwa miezi kadhaa. Mtoto wao alizaliwa Desemba, lakini hakuishi. Mei 30, 1867, Salme alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa siku hiyohiyo, kisha wakasafiri kwenda Hamburg.

KUCHA TUPU ZA HAMBURG

Mabadiliko yalikuwa ya mwili mzima. Nguo za Kizungu zilimbana. Uso uliozoea barakoa sasa ulitazamwa na kila mpita njia, na watu walimkodolea macho kama kitu cha maonyesho. Baridi ilimtesa. Hamburg hapakuwa na mhina, wala udi wa jioni, wala wanawake wa kukaa naye wakimfunga vitambaa huku wakipiga soga.

Alizaa watoto watatu: Antonie, Rudolph Said na Rosalie. Agosti 1870, mtoto wa mwisho akiwa bado mchanga, mumewe aligongwa na tramu akafariki. Mjane huyo wa miaka 25 alibaki katika nchi ambayo lugha yake alikuwa akijifunza bado, fedha zikipungua mwaka hadi mwaka. Alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu ili kuwalea watoto wake. Mwanamke aliyekuwa akipepewa usiku kucha alijifunza kupika, kufua na kushona kwa mikono yake.

Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kitabu hicho hutajwa kuwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa kuchapishwa na mwanamke Mwarabu. Alikuwa ameianza kazi hiyo kwa ajili ya wanawe, ili wajue mama yao alitoka wapi.

MLANGO ULIOFUNGWA

Barghash alikuwa Sultani tangu mwaka 1870. Ndiye aliyetia saini mwaka 1873 mkataba uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Alipozuru London mwaka 1875, Salme alimfuata huko akitumaini kuonana naye, lakini wakubwa wa Uingereza walimzuia kwa ahadi ambazo hazikutimizwa.

Miaka kumi baadaye alirudi Zanzibar akiwa katika msafara wa meli za Kijerumani. Bismarck alikuwa na hesabu zake kuhusu Afrika Mashariki, na madai ya urithi ya binti wa Sultani yalimfaa kama kitisho. Watu wa mjini walimlaki Salme kwa furaha, lakini kaka yake alikataa kumwona. Alikwenda Mtoni akakuta kasri alikozaliwa limekuwa magofu. Wajerumani walipopata walichokitaka, madai yake yaliwekwa kando.

Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki na Sayyid Khalifa kushika utawala. Safari hiyo nayo haikuzaa matunda. Hakurudi Ujerumani kuishi mara moja, bali alihamia Jaffa kisha Beirut, ambako angalau alisikia Kiarabu barabarani na kunusa harufu alizozijua. Aliishi huko hadi mwaka 1914.

MFUKO WA MCHANGA

Sayyida Salme alifariki Jena Februari 29, 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Mabaki yake yalizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, kando ya mumewe. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko mdogo wenye mchanga wa ufukwe wa Zanzibar, ambao aliutunza miaka yote.

Hakuwahi kuiona chupa ya rangi ya kucha ya aina iliyojaa madukani leo. Mwaka 1932, miaka minane baada ya kifo chake, kampuni ya Revlon ilianzishwa New York na kueneza rangi nzito za kucha za aina nyingi. Tangu hapo mwanamke aliweza kujipaka mwenyewe kwa dakika chache na kuifuta kesho yake akitaka kujaribu nyingine. Hakuna tena sababu ya kumkesha mtu.

Hata hivyo, si kila kitu kimekwenda na wakati. Kabla ya harusi, hata huku Kagera, bado wapo maharusi wanaochagua hina. Bibi harusi hukalishwa chini, akanyoosha mikono na kuambiwa asijitikise. Shoga zake humzunguka. Mmoja humlisha, mwingine humfukuzia inzi. Hakuna aliyelazimishwa kuwapo hapo. Katika ukurasa ule wa hina ya Idi, hilo ndilo lililokosekana Mtoni, na ndilo ambalo Salme mwenyewe, baada ya mwaka 1866, hakulipata tena mahali popote.