George Washington Williams, Shahidi wa Kongo

Mto Lualaba unapita magharibi ya Kasongo. Unapita Nyangwe na Kindu, kisha unafika kwenye maporomoko ya Kisangani. Zamani Wazungu waliita mahali pale Stanley Falls. Katika mwezi wa Julai 1890 mgeni mmoja mweusi aliandika pale barua ndefu kwa mfalme wa Ulaya. Jina lake George Washington Williams, mtu wa Marekani.

Williams alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1849, katika jimbo la Pennsylvania. Siku zile watu weusi wengi wa Marekani walikuwa watumwa. Wazazi wake hawakuwa watumwa, lakini walikuwa maskini, naye alisoma kidogo tu. Vita vilipowaka kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini, alitoroka kwao akaingia jeshi la kaskazini, angali kijana wa miaka 14. Mwaka 1865 kaskazini ilishinda, na utumwa ukakomeshwa nchini mwote.

Alipoacha uaskari alitafuta elimu. Aliingia chuo cha dini, na mwandiko wake ulikuwa bado mbaya. Hakuona haya, alijifunza kwa bidii. Mwaka 1874 alimaliza, akawa mtu mweusi wa kwanza kumaliza chuo kile. Akawa mhubiri wa Waprotestanti. Mwaka 1879 watu wa Ohio walimchagua katika baraza la sheria la jimbo lao. Kisha akaandika kitabu kikubwa cha historia ya watu weusi wa Marekani.

Rais Chester Arthur alimjua. Mwezi wa Machi 1885 alimteua awe mjumbe wa Marekani katika nchi ya Haiti. Lakini baada ya siku mbili Arthur aliacha urais, na serikali ya Rais Grover Cleveland haikumpeleka. Williams akakosa kazi ile.

Wakati huo Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, alikuwa amejitwalia Kongo. Alitangaza kwamba anataka kufukuza biashara ya watumwa na kuwaletea watu mema. Wengi walimsadiki. Mwaka 1884, zamani za Rais Arthur, Marekani ilikuwa serikali ya kwanza kuikubali bendera yake. Williams naye alimsadiki. Mwaka 1889 alikwenda Brussels, akaonana na mfalme, akamsifu sana. Alitumaini kwamba watu weusi wa Marekani wataweza kuja Kongo kufanya kazi. Lakini kwanza alitaka kuiona nchi kwa macho yake. Alikwenda kuonana na Rais Benjamin Harrison. Mfalme hakupenda safari hiyo. Hata hivyo, mwanzo wa mwaka 1890 Williams alishika njia.

Kutoka Matadi alikwenda kwa miguu, kisha akapanda mto kwa meli mpaka Stanley Falls. Njiani alitazama na kuuliza watu. Aliona kwamba askari wa mfalme hawapewi chakula cha kutosha, nao huingia vijijini kunyang'anya. Alisikia jinsi machifu walivyodanganywa watie alama katika karatasi za kutoa nchi yao. Aliona watu wamefungwa minyororo. Shule na hospitali za serikali ya mfalme hakuziona.

Siku zile njia ya Kabambare na Kasongo ilipita misafara ya pembe na watumwa, na mkubwa wake alikuwa Tippu Tip. Mfalme alisema kwamba anachukia biashara ile. Lakini mwaka 1887 yeye mwenyewe alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wake wa Stanley Falls. Williams aliandika pia kwamba serikali ya mfalme yenyewe inanunua watumwa.

Ilikuwa vigumu kwake. Alikuwa amemsifu mfalme mbele ya watu, na sasa ilimpasa kuyageuza maneno yake. Hakuwa na mali, wala askari, na afya yake ilikuwa mbaya. Angaliweza kunyamaza. Hakunyamaza. Tarehe 18 Julai 1890 alimwandikia Leopold mambo yote, moja moja. Mwezi wa Oktoba, alipofika Luanda, alimwandikia na Rais Harrison.

Barua ile ilipochapishwa Ulaya, watu wa mfalme walimchafulia jina. Serikali ya Marekani haikumzuia mfalme. Williams aliugua kifua, akafa Blackpool katika Uingereza, tarehe 2 Agosti 1891. Alikuwa na miaka 41. Kaburi lake lilikaa bila jina mpaka mwaka 1975.

Lakini neno lake halikufa. Baadaye wengine waliona mambo yale yale wakayasema. Mwaka 1904 malalamiko juu ya Kongo yalifika mbele ya Rais Theodore Roosevelt. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuitoa Kongo mikononi mwake. Taabu za watu hazikwisha siku ile, kwa maana nchi ilitawaliwa na Ubelgiji mpaka mwaka 1960. Walakini uongo wa mfalme ulijulikana duniani pote.

Amri ya nane ya Mungu inakataza kushuhudia uongo. Williams alipoona kwamba amekosa, hakuona haya kusahihisha neno lake. Njia ya mwongo ni fupi.